Kwa nini malori ya Berliet yalibeba nembo ya kichwa cha treni

SWALI: Nimeona picha ya lori kuukuu la Kifaransa lililoandikwa Berliet. Kwenye radieta pana nembo ya kichwa cha treni kinachotazama mbele, na kando ya magurudumu ya nyuma unaonekana mnyororo kama wa baiskeli, ila mnene zaidi. Je, kampuni hii ilianza kwa kutengeneza treni? Na kama ilitengeneza pia magari madogo, kama nilivyosoma, mbona watu wanaikumbuka kwa malori tu, na jina lenyewe limekwenda wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, asili ya Berliet haiko kwenye treni. Kile kichwa cha treni unachokiona kwenye radieta ni kumbukumbu ya mkataba wa biashara uliofungwa mwaka 1905 na kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiunda injini za garimoshi, na fedha za mkataba huo ndizo zilizomtoa Marius Berliet kwenye hali ya fundi mwenye karakana na kumfanya bwana wa kiwanda. Anayetaka kuielewa historia ya kampuni hii aanzie hapo, kwa sababu tangu wakati huo neema yake ilitokana mara kwa mara na mteja mmoja mkubwa, na kila mteja wa namna hiyo alipoondoka, kampuni iliyumba. Nitakueleza jambo hilo kwa mpangilio wa miaka, na maswali yako mengine yatapata majibu humo humo.

Marius Berliet alizaliwa mwaka 1866 mjini Lyon, katika mtaa wa Croix-Rousse uliokuwa makao ya wafumaji wa hariri. Familia yake nayo ilikuwa ya wafumaji, na baba yake alikuwa na biashara ndogo ya kufuma satini ya kutandika ndani ya kofia. Kijana huyo hakupita chuo chochote kikubwa cha uhandisi. Alishinda kwenye kazi ya nyumbani kwao, jioni akahudhuria masomo ya ufundi wa mitambo na ya Kiingereza, na kati ya mwaka 1894 na 1895 akaunda gari lake la kwanza. Ukoo wao ulikuwa katika jamii ndogo ya Wakatoliki iitwayo Petite Église, iliyoyakataa makubaliano ya mwaka 1801 kati ya Napoleon na Papa na kuishika imani yake kando ya kanisa rasmi kizazi baada ya kizazi. Ninalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu aliyekulia katika jamii iliyozoea kusimama peke yake dhidi ya wakubwa huenda ndiye angekuwa na tabia aliyokuwa nayo Berliet: kufanya kazi bila kuchoka, kuwashuku washirika na mabenki, na kutaka kila kitu kinachoingia ndani ya gari kitengenezwe chini ya paa lake mwenyewe.

Mwaka 1899 alifungua karakana yake mwenyewe, na mwanzoni mwa karne ya 20 akachukua kiwanda cha Audibert na Lavirotte, waundaji magari wa Lyon waliokuwa wameshindwa na biashara. Kiwanda hicho kilikuwa Monplaisir, kitongoji kile kile ambamo ndugu Lumière walikuwa na kiwanda chao cha vifaa vya kupigia picha. Lyon ya wakati huo ilikuwa na waundaji magari wengi, wakiwamo Rochet-Schneider, La Buire na Cottin et Desgouttes, na hapakuwa na sababu iliyo wazi ya kudhani kwamba huyu mtoto wa mfumaji ndiye angewapita wote. Magari yake yalifuata njia iliyofunguliwa na Mercedes: injini ya silinda nne, chesisi ya chuma, na radieta yenye matundu kama sega la nyuki. Yalikuwa mazito, ghali na imara, na huo uimara ndio uliowavuta Wamarekani.

American Locomotive Company, iliyojulikana kwa kifupi kama ALCO, ilikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa kabisa wa vichwa vya treni nchini Marekani. Biashara hiyo ina kasoro moja: kampuni za reli huagiza kwa wingi mwaka huu, kisha zikanyamaza mwaka unaofuata, na kiwanda kikabaki na mafundi wasio na kazi. ALCO iliyaona magari kuwa njia ya kuipa mitambo yake shughuli ya kudumu, lakini badala ya kuanza kubuni gari kuanzia sifuri ikaamua kununua michoro na haki ya kutengeneza gari ambalo lilikuwa limekwisha kuthibitika. Mwaka 1905 ikamlipa Berliet faranga 500,000 za dhahabu, na kuanzia mwaka 1906 magari yake yakaanza kuundwa Providence, katika jimbo la Rhode Island. Kwa Berliet hizo zilikuwa fedha nyingi mno, na alizitumia kupanua kiwanda na kununua mitambo mipya. Ndipo akachukua kichwa cha treni ya Kimarekani, kikiwa na lile tenga la chuma la mbele la kusukumia kando vizuizi vilivyo relini, akakifanya nembo ya magari yake. Mteja alikuwa anaambiwa kwa picha kwamba watu wanaounda mashine nzito kuliko zote duniani wameliamini gari hili.

Ushirikiano wenyewe haukudumu. Kufikia mwaka 1908 ALCO ilikuwa imeachana na leseni na kuendelea na magari kwa jina lake yenyewe, na dereva Harry Grant akashinda nalo mashindano ya Vanderbilt Cup mwaka 1909 na tena mwaka 1910. Mwaka 1913 ikafunga kabisa kitengo cha magari kwa sababu hakikuwa kikileta faida. Nembo, hata hivyo, ilibaki Lyon.

Sasa tuje kwenye malori. Kufikia mwaka 1907 Berliet alikuwa ameanza kuyatengeneza, na jeshi la Ufaransa lilikuwa linaanza kuyatazama kwa makini. Katika miaka iliyotangulia vita, serikali ilikuwa na mpango ambao naona ulikuwa wa busara sana: badala ya jeshi kununua maelfu ya malori na kuyaacha yakizeeka ghalani, lilifanya majaribio ya barabarani, na mfanyabiashara aliyenunua lori la aina iliyofaulu alipewa ruzuku, kwa sharti kwamba vita ikizuka lori hilo litachukuliwa na jeshi. Mpango huo uliwasukuma waundaji watengeneze malori yanayofanana, yasiyo na mapambo, yanayoweza kutengenezwa na fundi yeyote njiani. Katika hali hiyo ndipo lilipozaliwa lori la CBA, lililotoka kabla tu ya vita ya mwaka 1914.

Kwa maelezo uliyotoa, lori la kwenye picha yako ni CBA au ndugu yake wa karibu. Mnyororo uliouona ndio kiini cha muundo wake, kwa hiyo nitaueleza. Injini ya silinda nne, yenye ujazo wa takriban lita 5.3 na nguvu za farasi zipatazo 25, iko mbele, na nguvu yake inapita kwenye klachi hadi giaboksi ya gia nne iliyofungwa katikati ya chesisi. Kutoka hapo haiendi moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma kama ilivyo kwenye lori la leo. Inaingia kwenye shafti iliyolala kukingama chini ya chesisi, yenye difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) katikati yake, na kila mwisho wa shafti hiyo, nje ya fremu, pana gurudumu dogo lenye meno linalovuta mnyororo hadi kwenye gurudumu la nyuma. Ekseli ya nyuma, basi, ni nondo nene ya chuma isiyozunguka, ambayo kazi yake ni kubeba uzito tu. Mnyororo una kelele, unahitaji kupakwa mafuta mara kwa mara na unakula matope, lakini ukikatika dereva anaweza kuunganisha kipande kingine pale pale kando ya barabara, ilhali ekseli yenye difu ndani ikivunjika lori zima linakuwa mzigo. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na hewa, hivyo hayakupata pancha, ingawa dereva na mzigo waliupokea kila mtikisiko wa barabara mifupani. Lori hilo lilibeba tani nne hadi tano kwa mwendo usiozidi sana kilomita 30 kwa saa.

Watu hupenda kusimulia habari za teksi za Renault zilizopeleka askari kwenye mapigano ya Marne mwezi Septemba 1914, na ni habari njema ya kusimulia, lakini kwa historia ya uchukuzi naona Verdun ina uzito zaidi. Wajerumani walipoishambulia Verdun tarehe 21 Februari 1916, mji huo haukuwa na reli kubwa ya kutegemea: njia moja ilikuwa imekatwa Saint-Mihiel tangu mwaka 1914, nyingine ilikuwa inafikiwa na mizinga, na iliyobaki ni reli nyembamba ya mkoa. Palikuwa na barabara moja ya kutoka Bar-le-Duc, yenye urefu wa kilomita zipatazo 56, na jeshi likaamua kuigeuza iwe mshipa wa kulisha mapigano yote. Yalikusanywa malori yapatayo 3,500. Yalipita mchana na usiku, na katika siku za pilikapilika kubwa gari moja lilipita mahali pamoja kila baada ya sekunde 14. Kwa wiki moja yalipelekwa mbele takriban askari 90,000 na tani 50,000 za mizigo. Lori lililoharibika halikuruhusiwa kuzuia njia. Lilisukumwa mtaroni na msafara ukaendelea. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kufunga barabara ili itengenezwe, askari wenye umri mkubwa waliwekwa kandokando wakawa wanarusha kokoto kwa sepetu chini ya magurudumu, na malori yenyewe, kwa matairi yake magumu, yakazishindilia. Baadaye barabara hiyo iliitwa Voie Sacrée, yaani Njia Takatifu.

CBA ilikuwa miongoni mwa malori yaliyoonekana sana katika msafara huo, na jeshi lilipokea takriban 25,000 ya aina hiyo kabla vita haijaisha. Si haki kusema, kama wanavyosema baadhi ya wapenzi wa Berliet, kwamba lori hili peke yake liliiokoa Verdun, kwani palikuwa na Renault, Peugeot, Latil na nyingine nyingi. Lakini ni kweli kwamba hakuna kilichomjenga Berliet kuliko vita hiyo. Kiwanda kilitengeneza pia makombora na, kuelekea mwisho wa vita, vifaru vya aina ya Renault FT. Fedha zikaingia kwa kasi ambayo Monplaisir haikuweza tena kuihimili.

Ndipo Berliet akanunua ardhi kusini mashariki ya Lyon, kati ya Vénissieux na Saint-Priest, eneo la takriban hekta 400, akaanza kujenga kiwanda cha ndoto yake. Hapo ndipo ile tabia ya kutaka kumiliki kila kitu ilipopata uwanja. Palikuwa na kiwanda cha chuma, kalibu za kuyeyushia na kumimina, karakana za kufua, za kukereza na za kuunganisha. Pembeni zikajengwa nyumba za wafanyakazi zenye bustani, shule, na hata shamba la kuwalisha. Nyumba hizo bado zipo na bado zinaitwa Cité Berliet.

Amani ilimkuta akiwa na kiwanda kikubwa kuliko soko. Alikuwa ameamua kutengeneza aina moja tu ya lori, CBA, na aina moja tu ya gari dogo, VB, lililofuata mfano wa Dodge ya Marekani, kwa hesabu kwamba wingi ungeshusha gharama. Kwa karatasi hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba jeshi, mteja wake wa jana, liligeuka kuwa mshindani wake, kwa sababu lilianza kuuza kwa bei ya chini maelfu ya malori lisiyoyahitaji tena, mengi yakiwa ni hayo hayo CBA. Nani angenunua lori jipya wakati lenye muundo ule ule linapatikana mnadani kwa bei ya kutupa? Mwaka 1921 kampuni ilishindwa kulipa madeni, ikawekwa chini ya usimamizi wa wadai, na mabenki yakaingia kwenye bodi. Kwa mtu wa tabia ya Marius Berliet sidhani kama palikuwa na adhabu kubwa zaidi ya hiyo. Alilipa kidogo kidogo hadi mwaka 1929, alipoirudisha kampuni mikononi mwake.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako kuhusu magari madogo. Katika miaka ile ambayo Berliet alikuwa amefungwa na madeni, André Citroën alikuwa anafurikisha soko kwa magari mepesi yaliyoundwa kwa mfululizo, na Renault na Peugeot wakamfuata. Kuingia kwenye ushindani huo kulihitaji mtaji ambao Berliet hakuwa nao. Aliendelea kutengeneza magari ya abiria, na la mwisho, lililoitwa Dauphine, lilikuwa gari la heshima lililoazima bodi ya Peugeot 402, lakini mwaka 1939 biashara hiyo ikakoma na haikurudi tena. Nguvu za kampuni zilikuwa zimehamia kwenye malori na mabasi, hasa baada ya kuanza kutumia injini za dizeli mwanzoni mwa miaka ya 1930. CBA yenyewe iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1932. Berliet pia aliendeleza malori ya kutumia gesi inayotokana na kuni, ambayo yalikuja kuwa tegemeo wakati wa vita ya pili, petroli ilipokuwa haipatikani.

Kuhusu vita hiyo ya pili sipendi kupita haraka, ingawa wapo wanaopita. Kiwanda kilifanya kazi chini ya ukaliaji wa Wajerumani na kuwapatia malori, na mwezi Mei 1944 ndege za mataifa yaliyopigana na Ujerumani zilikishambulia kwa mabomu. Lyon ilipokombolewa mwezi Septemba mwaka huo, Marius Berliet alikamatwa, na Yves Farge, mwakilishi wa serikali mpya katika eneo hilo, akakitwaa kiwanda. Mwaka 1946 mahakama ilimhukumu mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 80, kifungo cha miaka miwili na kutaifishwa kwa mali zake, na wanawe pia walihukumiwa. Alifariki mwaka 1949 bila kurudi kazini. Katika miaka hiyo kiwanda kiliendeshwa na wafanyakazi wenyewe wakiongozwa na mhandisi Marcel Mosnier, Mkomunisti, katika jaribio ambalo lilifuatiliwa na Ufaransa nzima: kamati za mafundi zilijadili mipango ya uzalishaji, na malori yakatoka. Baadaye ukatokea mgawanyiko kati ya wasimamizi na sehemu ya wafanyakazi, na mwaka 1949 Baraza la Dola (Conseil d'État), ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likabatilisha utwaaji huo. Kampuni ikarudi kwa familia, na Paul Berliet, mwana wa Marius, akashika usukani.

Chini ya Paul, mteja mkubwa aliyefuata alikuwa Afrika Kaskazini. Lori la GLR, lenye injini ya dizeli ya silinda tano, ndilo lililoilisha kampuni nyumbani, lakini mafuta yalipogunduliwa Hassi Messaoud, katika Sahara ya Algeria, mwaka 1956, palihitajika magari ya kubeba mitambo ya kuchimbia juu ya mchanga. Mwaka uliofuata Berliet ilionyesha Paris lori la T100, lililoundwa kwa miezi kama kumi, lenye upana wa karibu mita 5, matairi marefu kumpita mtu, injini ya Cummins yenye nguvu za farasi 600 na uwezo wa kutembea na uzito wa jumla wa takriban tani 100. Yaliundwa manne tu. Wengi humjua Berliet kwa lori hilo, na ninaelewa kwa nini, lakini lililoleta faida ni lori dogo zaidi la jangwani, Gazelle, lenye magurudumu sita yote yakivutwa na injini. Mwishoni mwa mwaka 1959 msafara wa malori hayo uliondoka Ouargla, ukavuka jangwa la Ténéré hadi upande wa Ziwa Chad ukiwa na wanasayansi waliochunguza miamba na mabaki ya kale njiani, na ukarudi Januari 1960.

Kilichoiangusha kampuni safari hii kilikuwa mchanganyiko wa mambo. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962, na soko likabadilika. Lori jepesi la Stradair, lililotolewa mwaka 1965 kwa matumaini makubwa, lilikuwa na mbinu mpya mno kwa wateja wake na halikuuzwa kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1967 familia ikakubali kuingia chini ya Citroën, iliyokuwa mali ya Michelin. Citroën nayo ilipolemewa na madeni, mwaka 1974 Michelin ikaiuza Berliet kwa Renault, shirika la serikali. Renault ilikuwa tayari na kampuni nyingine ya malori, Saviem, na mwaka 1978 zikaunganishwa kuwa Renault Véhicules Industriels. Jina la Berliet liliondolewa kwenye malori mapya mwaka 1980. Kampuni hiyo iliyounganishwa ilinunuliwa na Volvo mwaka 2001, na leo inaitwa Renault Trucks, makao yake yakiwa bado katika eneo la Lyon.

Ukitaka kuyajua zaidi magari yenyewe, mjini Lyon ipo taasisi iitwayo Fondation Berliet, iliyo katika nyumba aliyojijengea Marius Berliet karibu na Monplaisir, ambayo inatunza kumbukumbu na michoro pamoja na mkusanyiko mkubwa wa malori ya zamani, ikiwamo T100 moja. Nyingine imebaki Hassi Messaoud. Na huko Rouïba, nje ya jiji la Algiers, kiwanda ambacho Berliet ilikijenga mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuja kuwa mali ya taifa la Algeria, kwanza chini ya shirika la SONACOME na kuanzia mwaka 1981 chini ya SNVI, kikaendelea kutoa malori yenye asili ya Berliet kwa miaka mingi baada ya jina hilo kuondolewa Ufaransa.